Theluji ya Montreal Inakwenda Wapi?

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Mwenye mkeka autandike, mwenye kigoda akikalie. Leo mjomba wenu anawapeleka mbali, kwenye mji wenye baridi ya kugandisha maziwa na mito. Mji huo unaitwa Montreal. Uko Kanada, katika jimbo la Quebec, juu ya kisiwa kilicho katikati ya mto mkubwa uitwao Saint Lawrence.

"Mbali hivyo, Mjomba? Huko kuna mtu tunayemjua?"

Mbali ni mbali, lakini wenzenu wapo. Wapo watoto wa Montreal wanaoongea Kiswahili jikoni na mama zao, na Kifaransa darasani na walimu wao. Wazazi wao walitoka Goma, Bukavu, Bujumbura na kwingineko. Watoto hao huamka asubuhi, wakafungua pazia, wakakuta barabara yote nyeupe. Magari hayaonekani, yamefunikwa. Ngazi za nje hazionekani, zimefunikwa. Zinapita siku chache, wanafungua pazia tena, wanakuta barabara nyeusi, lami inaonekana, basi la shule linapita.

"Kumbe! Theluji yote imekwenda wapi?"

Hapo sasa! Hapo ndipo nilipotaka mfike. Mtoto anayeona kitu kimeondoka akaridhika, huyo ameona nusu. Mtoto anayeuliza kimekwenda wapi, huyo ana kichwa cha fundi. Lishikeni swali hilo, msiliachie. Litatutembeza mji mzima.

Kwanza tujue theluji yenyewe ni nyingi kiasi gani. Aliyepita Moshi asubuhi yenye anga safi ameuona weupe ulioko juu ya Kibo. Weupe ule uko mbali na mlango wa mtu. Haumzuii mama kwenda sokoni. Lakini Montreal weupe unashuka hadi kizingitini. Katika mwaka mmoja wa kawaida huanguka theluji ya karibu mita 2. Mnaniona mjomba wenu nilivyo mrefu? Ningezama mimi na kofia yangu.

Haianguki yote kwa siku moja. Leo zitaanguka sentimita 5, keshokutwa 10, wiki ijayo 20. Lakini ziko siku inapoanguka kwa hasira. Machi 1971 zilishuka zaidi ya sentimita 40 na upepo mkali juu yake, na mji ukasimama. Tarehe 27 Desemba 2012 zilianguka sentimita 45 kwa siku moja. Februari 2025 zilikuja dhoruba mbili zikifuatana, na ndani ya siku nne zilianguka zaidi ya sentimita 70.

"Sasa si itayeyuka yenyewe, Mjomba? Mvua yetu ikinyesha, kesho yake imekwisha."

Swali zuri. Mvua yetu hukimbia. Inaingia mtaroni, inaingia mchangani, jua linamalizia. Theluji haikimbii. Inakaa pale ilipoanguka. Na kuanzia Desemba hadi Machi, siku nyingi za Montreal ni baridi ya chini ya sifuri, yaani baridi ambayo maji hugandia. Usiku mwingine baridi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo iliyoanguka Jumatatu utaikuta Ijumaa, na ya Ijumaa italala juu yake. Ikiachwa, itaendelea kukaa hadi Aprili.

"Basi ikae! Kwani inamdhuru nani?"

Zamani walikuwa wanaiacha. Farasi walivuta magari yasiyo na magurudumu, yakateleza juu yake, watu wakaenda walikokwenda. Yakaja magari ya injini, nayo theluji nyingi hayaiwezi. Vijijini magari yakawekwa bandani hadi baridi iishe, na njia zikafungwa.

Katika mji mdogo wa Valcourt, humo humo Quebec, alikuwako fundi kijana aliyeitwa Joseph-Armand Bombardier. Majira ya baridi ya mwaka 1934 mwanawe mdogo aliugua tumbo ghafla. Alihitaji hospitali, na upesi. Lakini njia ilikuwa imefungwa na theluji. Mtoto akafariki. Baba yake alikuwa ameshaanza kutengeneza gari la kupita juu ya theluji, na baada ya msiba huo hakuiacha kazi. Mwaka 1937 alianza kuuza gari la watu saba, lenye minyororo mipana nyuma mahali pa magurudumu. Magari yake yakabeba wagonjwa, madaktari, barua na watoto wa shule.

Kwa hiyo mkiniuliza theluji inamdhuru nani, nitawajibu: inamdhuru anayehitaji kufika. Mgonjwa anahitaji kufika. Mama mjamzito anahitaji kufika. Gari la zimamoto linahitaji kufika. Ndiyo maana hadi leo Montreal huanza na barabara kuu, na barabara za mabasi, na barabara za kwenda hospitali. Mtaa wako mdogo utangoja zamu yake. Hata akae tajiri gani humo, utangoja.

Sasa niambieni, nani kati yenu anajua kufagia uwanja?

"Mimi! Mimi! Na mimi!"

Vizuri. Uwanja unafagiwaje? Kwanza unanyunyiza maji, vumbi lisitimke. Pili unasukuma taka kwa ufagio mpaka pembeni. Tatu unazizoa, unazitia kwenye kapu. Nne unakwenda kuzitupa jalalani. Nyunyiza, sukuma, zoa, tupa. Semeni pamoja nami.

"Nyunyiza, sukuma, zoa, tupa!"

Na je, ukisukuma taka zako mpaka mlangoni kwa jirani, ukarudi ndani kunywa chai, umefagia?

"Hapana, Mjomba! Umemchokoza jirani!"

Hayo ndiyo maneno. Basi mji wa Montreal ni uwanja mkubwa, na kazi yake ya theluji ina hatua nne hizo hizo. Twende nazo moja moja.

Nyunyiza.

Mara theluji inapoanza kudondoka, magari yanatoka kunyunyiza. Hayanyunyizi maji, maana yangeganda papo hapo. Yananyunyiza chumvi.

"Chumvi ya kupikia?"

Ni ndugu wa ile ile, ila hii ni ya mabonge na haikusafishwa kwa ajili ya chakula. Sikilizeni kazi yake. Maji matupu huganda yakifika sifuri. Maji yenye chumvi hukataa kuganda mpaka baridi izidi zaidi. Kwa hiyo ukimwaga chumvi barabarani, theluji inayoigusa hugeuka maji ya chumvi, na haiwezi kuishikilia lami. Lakini chumvi nayo ina mwisho wake. Baridi ikishuka sana, ikakaribia nyuzi 15 chini ya sifuri na kuzidi, chumvi inachoka, kazi yake inakuwa ndogo. Hapo wanamwaga changarawe. Changarawe haiyeyushi kitu. Inaukwaruza tu ule utelezi ili kiatu kipate pa kushika.

Sukuma.

Theluji ikifika sentimita 2 na nusu ardhini, yanatoka magari yenye bamba pana la chuma mbele. Yanatoka magreda, yale yale mnayoyaona yakichonga barabara za vumbi. Zinatoka na mashine ndogo za minyororo, nyembamba, zinazopita kwenye njia za waenda kwa miguu. Zote zina kazi moja: kusukuma theluji pembeni ili katikati papitike.

"Halafu inakwenda wapi?"

Ahaa! Swali letu hilo, mmelikumbuka. Jibu ni kwamba bado haijakwenda popote. Imesogea tu. Iko pembeni, imefanya tuta refu kati ya barabara na njia ya miguu. Ikianguka nyingine nalo tuta linanenepa. Barabara ya magari mawili inakuwa ya gari moja. Bibi mwenye mkongojo anashindwa kuvuka. Mwenye kiti cha magurudumu anabaki ndani. Kwa hiyo kusukuma peke yake hakutoshi.

Zoa.

Theluji ikifika sentimita 10 hadi 15, mji unatangaza kazi kubwa ya kuzoa. Hapo ndipo watoto wa Montreal hubandika nyuso zao dirishani, na ningekuwa huko ningebandika wangu.

Kwanza vinasimikwa vibao vya rangi ya chungwa ndani ya tuta. Vinasema: upande huu usiegeshe gari saa hizi. Baba anashuka mbio kulitoa gari lake. Asipoliondoa je? Linakuja gari la kuvuta magari. Linapita polepole likipiga king'ora cha sauti mbili, ya juu na ya chini, ya juu na ya chini. Kila mtu mtaani anakijua. Mtu anakurupuka kitandani, anavaa koti juu ya nguo za kulalia, anakimbia na ufunguo. Akichelewa, gari lake litavutwa hadi mtaa wa jirani ambao umeshasafishwa, naye atalitafuta na faini atalipa.

Mtaa ukiwa mtupu, msafara unaingia. Mbele ni mashine ndogo zinazotoa theluji kwenye njia za miguu na kuimwaga barabarani. Nyuma yake greda linaikusanya yote iwe mstari mmoja mrefu. Halafu inakuja mashine yenyewe, mfalme wa msafara. Mbele ina mdomo mpana wenye visu vya chuma vinavyozunguka. Juu ina bomba kubwa lililopinda. Inameza tuta kwa mdomo, inalirusha kwa bomba. Theluji inapaa hewani, inapinda, inatua ndani ya lori linalotembea ubavuni mwake. Lori halisimami. Linakwenda mwendo ule ule na mashine, bega kwa bega. Likijaa linachomoka, na lori lililokuwa nyuma linaingia mahali pake kabla mashine haijapumua. La kwanza, la pili, la tatu, la kumi.

"Nani aliyebuni mashine hiyo, Mjomba?"

Mtoto wa mkulima. Jina lake Arthur Sicard. Alizaliwa mwaka 1876 katika kijiji kilichokuwa karibu na Montreal, kwenye familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kila baridi walikuwa na maziwa, lakini hawakuwa na njia ya kuyafikisha mjini. Alipokuwa kijana aliona mashine ya kupura nafaka ikifanya kazi shambani. Inameza masuke huku, inatema kule. Akajiuliza: kama inaweza kumeza nafaka, kwa nini isimeze theluji? Watu hawakumwelewa. Alihangaika na wazo hilo miaka mingi. Mwaka 1925 mashine yake ya kwanza ikafanya kazi, na mwaka 1927 akauza moja kwa mji wa Outremont, uliopakana na Montreal. Mnaona? Alikuwa na zaidi ya miaka 45 akiwa bado anajibu swali alilojiuliza ujanani. Msidharau maswali yenu ya leo.

Sasa mtazameni mtu mmoja zaidi, maana yeye namheshimu kuliko mashine zote. Yuko mbele ya ule mdomo wa visu, amevaa fulana inayong'aa. Huyo ni mlinzi. Sheria ya barabarani ya Quebec inataka awepo mlinzi wa kuitangulia mashine hii. Kazi yake ni kutazama tuta na kuhakikisha hakuna mtu. Yeye akiinua mkono, dereva anasimamisha kila kitu.

"Nani atakaa ndani ya tuta, Mjomba?"

Watoto. Watoto wa huko hupenda kuchimba nyumba ndani ya theluji, na nyumba hiyo ni tamu kuichezea. Lakini tuta la kando ya barabara si mahali pake, kwa sababu dereva aliye juu haoni ndani. Wazazi wa Montreal hawachoki kulisema hilo: chimbeni uani, chimbeni bustanini, barabarani kamwe. Na mimi nawaambieni nyinyi hapa: tuta la mchanga kando ya barabara inayojengwa, nalo si mahali pa kuchezea.

Kazi hii ya kuzoa si ya saa moja. Barabara na njia za miguu za kusafishwa Montreal, ukiziunganisha, ni karibu kilomita 10,000. Kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,000. Ukienda na kurudi mara nne, bado hujazifikia. Kwa hiyo wanatoka wafanyakazi wapatao 3,000 na mashine zipatazo 2,200, mchana na usiku, kwa zamu. Theluji nzito ikianguka, kuizoa mji mzima huchukua siku kadhaa. Na wakati mwingine hawajamaliza, nyingine inaanza kudondoka. Wanafanyaje?

"Wanalia?"

Wanaanza upya. Nyunyiza, sukuma, zoa…

"Tupa! Lakini inatupwa wapi, Mjomba? Malori yote hayo yanakwenda wapi?"

Nyamazeni kidogo. Zamani malori yalikwenda mtoni. Mto Saint Lawrence upo hapo hapo, mpana, unakwenda kasi. Lori linarudi kinyumenyume hadi ukingoni, linainua bodi, theluji inatumbukia, kwisha kazi. Ilionekana njia rahisi.

Lakini jamani, theluji ya barabarani si ile ya angani. Ile ya angani ni nyeupe. Ya barabarani imelala na magari. Ina mafuta yaliyovuja, ina chumvi, ina changarawe, ina vipande vya chuma, ina chupa na makaratasi. Yote hayo yaliingia mtoni. Na mtoni kuna samaki. Na huko mto unakoelekea iko miji mingine inayokunywa maji yale yale. Hebu nikumbusheni: ukisukuma taka mlangoni kwa jirani, umefagia?

"Hujafagia!"

Hivyo ndivyo Quebec ilivyokuja kusema. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jimbo liliweka kanuni: theluji ya mijini isitupwe tena mtoni wala ziwani, itafutiwe mahali pake.

Mahali gani basi? Hapa namwachia maneno mzee mmoja anayelijua jibu kuliko mimi. Miguu hana, lakini mdomo anao. Anakaa Saint-Michel, ndani ya mji kabisa, na nyumba za watu zimemzunguka. Jina lake Shimo la Francon. Mpeni salamu.

"Shikamoo, Shimo!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Sauti yangu inavuma, msiogope. Mimi ni Shimo, lakini sikuzaliwa shimo. Nilizaliwa mwamba. Miaka milioni 450 hivi iliyopita hapa palikuwa bahari. Viumbe wa baharini walikufa, magamba yao yakalala chini, yakalaliana, yakashindiliwa, yakawa mwamba wa chokaa. Mwamba huo ndio mimi.

"Wakaja watu na baruti. Wakanipasua, wakanisaga, wakanibeba. Mawe yangu yakaenda kujenga Montreal. Miaka ya 1960 waliokota ndani yangu madini ambayo wataalamu hawakuwahi kuyaandika popote, wakayaita weloganaiti, kwa heshima ya mwanajiolojia William Logan. Nilifurahi sana. Halafu uchimbaji ukakoma, mashine zikaondoka. Nikabaki na kina cha kumeza jengo la ghorofa kumi, na hakuna aliyenijia. Nikajisemea, nani atalitaka shimo tupu?

"Kumbe mji ulikuwa unanitafuta. Baridi moja nikasikia malori. Yakasimama ukingoni, yakainua bodi zao, theluji ikaporomoka hadi chini. Tangu hapo hayajaacha kuja. Kati ya theluji yote inayozolewa mjini, zaidi ya theluthi moja inakuja kwangu. Nyingine inakwenda kwenye viwanja vya kutupia, nyingine kwenye matundu ya majitaka. Lakini kwangu ndiko kukubwa.

"Msidhani ni nyeupe. Ni ya kijivu, na ndani yake nimeona glavu za mkono mmoja nyingi kuliko mnavyoweza kuhesabu. Na haina haraka. Julai watu wa Saint-Michel wanavaa kaptura na kula aiskrimu, na mimi bado nina barafu tumboni. Miaka mingine haijaisha vizuri, baridi mpya inaanza. Naipokea. Niliwapa mawe ya kujengea barabara zao, sasa barabara hizo hizo zinaniletea theluji yao. Nafasi ninayo."

Ahsante, Shimo. Mmesikia, wapwa zangu? Katika baridi ya kawaida theluji inayozolewa Montreal hukadiriwa kuwa mita za ujazo milioni 12. Hizo ni safari za malori zipatazo 300,000. Bila Shimo, sijui wangepanga wapi.

"Mjomba, Shimo limetaja matundu ya majitaka. Ni nini?"

Sikio lako halijalala, hongera. Chini ya mji kuna mabomba makubwa yanayobeba maji machafu ya majumbani: maji ya kuoga, ya kufulia, ya jikoni, ya chooni. Maji hayo yana uvuguvugu, kwa sababu yametoka ndani ya nyumba zenye joto. Sehemu kadhaa za mji wametoboa matundu makubwa yanayofika kwenye mabomba hayo. Lori linakuja, linamwaga theluji tunduni. Theluji inakutana na maji ya uvuguvugu, inayeyuka, inaondoka nayo. Hawakuwasha moto wowote. Joto lile lingepotea bure, wao wamelitumia.

"Halafu maji yanakwenda wapi?"

Hamchoki! Na mimi sichoki kuwajibu. Maji ya matunduni, na yale yanayovutwa kwa pampu kutoka Shimo la Francon, yote yanafuata mabomba hadi mashariki mwa kisiwa. Huko kuna kituo cha kusafisha majitaka kiitwacho Jean-R.-Marcotte, miongoni mwa vituo vikubwa kabisa duniani. Takataka zinachujwa, changarawe na mchanga vinatuama, uchafu mwingi unatolewa. Baada ya hapo ndipo maji yanaruhusiwa kurudi mtoni. Kwa hiyo theluji inafika Saint Lawrence mwisho wa yote, ila inafika ikiwa imenawa.

Kuna kitu kimoja kinachopenya hata kituoni. Ni chumvi. Ikishayeyuka majini, kituo cha namna hii hakiwezi kuikamata. Inafika mtoni. Kwa hiyo kila konzi inayomwagwa barabarani ina gharama yake kwa viumbe wa majini. Dawa ni kuinyunyiza kwa kiasi, pale inapohitajika, na kutumia changarawe pale changarawe inapotosha. Swali la "inakwenda wapi" lina faida hiyo: ukijua kitu kitaishia wapi, unakuwa mwangalifu tangu unapokishika mkononi.

"Nani analipa hayo yote?"

Wakazi wenyewe, kwa kodi zao. Kila mwaka mji hutenga karibu dola milioni 200 za Kanada kwa kazi ya theluji. Na juu ya kodi, kila mmoja ana wajibu wake. Ngazi za nyumba yako unazisafisha mwenyewe kwa beleshi. Theluji ya mbele ya mlango wako haruhusiwi mtu kuimwaga kwenye njia ya waenda kwa miguu. Gari lako, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, sheria ya Quebec inataka livae matairi ya baridi, yenye mpira laini usiokakamaa. Na ukiona kibao cha chungwa, ondoa gari. Gari moja lililoachwa linasimamisha msafara mzima, na walio nyuma wote wanachelewa kwa ajili ya mtu mmoja.

"Na mtu akichoka kabisa na theluji?"

Anashuka chini ya ardhi. Mwaka 1962 Montreal ilianza kujenga vichochoro chini ya majengo yake makubwa. Mwaka 1966 ikafungua treni za mjini zinazopita chini kwa chini safari nzima, zenye matairi ya mpira. Leo vichochoro hivyo vimeungana, vina urefu wa zaidi ya kilomita 30. Unatoka stesheni, unapita madukani, unafika ofisini au chuoni, na theluji hujaikanyaga. Hata mabomba ya maji safi yamezikwa karibu mita 2 chini, ambako baridi haifiki, yasigande yakapasuka.

Mwezi Aprili jua linapata nguvu, na mnadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Baridi nzima maji yalikuwa yakipenya kwenye nyufa za lami. Maji yakiganda yanatanuka. Yakitanuka yanaipasua lami. Yakiyeyuka yanaacha uwazi, gari linapita juu yake, panabomoka shimo. Kwa hiyo kazi ya kuzoa theluji ikiisha, sasa mji unahitaji watu wa kufagia changarawe iliyobaki na wa kuziba mashimo, mtaa baada ya mtaa.

Nimewapeni habari za Montreal. Sasa zamu yenu. Mvua ya kwanza ya masika ikikatika, vaeni viatu vya mpira, mwombeni mtu mzima aongozane nanyi, mfuate maji ya mtaro wa mtaani kwenu. Tazameni yanapinda wapi, yanakwama kwenye nini, yanamfurikia nani, yanaishia mto gani au ufukwe gani. Mkikuta mfuko wa plastiki umeziba mtaro, ulizeni umetoka wapi. Mkishindwa kujua maji yanakoishia, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Mpeni shikamoo yake, kisha mwulizeni kwa adabu: haya maji yanakwenda wapi? Akisema hajui, mwambieni mtarudi kesho. Na kesho mrudi.